Amana ya Mwili: Afya, Imani na Mazoea ya Kila Siku katika Vilima vya Mbooni

Swali la iwapo afya ni karama ambayo mwanadamu hupewa, au ni kazi anayotakiwa kuifanya kwa mikono yake, limeulizwa katika kila dini, na kwa muda mrefu lingeweza kuachiwa wanatheolojia bila hasara kubwa kwa mgonjwa. Leo haliwezi kuachwa hivyo. Katika vilima vya Mbooni, kaskazini mwa Kaunti ya Makueni, ambako masimulizi ya wazee yanasema ndiko Wakamba walikokita makao kabla ya vizazi vya baadaye kuvuka mto Athi na kuenea Kitui, maradhi yanayowaandama watu yamebadilika sura. Pamoja na malaria, kuhara na homa ya mapafu, ambayo humjia mtu kwa ghafla na kumwacha akiwa amepona au amekufa, sasa yapo shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo, ambayo huingia mwilini polepole kwa miaka mingi bila maumivu na, yakishaingia, kwa kawaida hayatoki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Maradhi ya namna hii hayana siku ya kupona, na kwa hiyo hayana siku ya kutoa ushuhuda mbele ya waumini. Kinachoyadhibiti ni chumvi inayopunguzwa, pombe inayoachwa, usingizi wa kutosha, na kidonge kinachomezwa kila asubuhi hata pale mgonjwa anapojiona mzima kabisa. Imani iliyozoea kumtafuta Mungu katika tukio la uponyaji inalazimika kujiuliza kama inaweza kumwona pia katika mambo madogo yanayorudiwa kila siku.

Kwa mazoea ya kila siku hapa panakusudiwa yale yote ambayo mtu huyafanya bila kuyawazia sana, yaani anavyokula, anavyofanya kazi, anavyolala, anavyohifadhi nafaka yake na anavyokaa na jirani zake. Na kwa tiba za kusaidia panakusudiwa matibabu yanayotolewa nje ya hospitali lakini yanayoweza kwenda sambamba nayo, yakiwamo mitishamba, kukandwa, maombi kwa ajili ya wagonjwa na mashauri ya mganga wa jadi. Tiba hizo hugeuka kuwa mbadala pale zinapotwaa nafasi ya hospitali badala ya kuisaidia, na tofauti hiyo, ambayo katika mazungumzo ya kawaida hupuuzwa, ndiyo itakayobeba uzito mkubwa katika hoja hii. Hoja yenyewe ni kwamba afya, kwa jinsi inavyoweza kueleweka kutokana na fikra na historia ya Ukambani, ni amana: ni mali ya mwingine iliyowekwa mikononi mwa mtu ili aitunze, na ambayo mtu huyo hawezi kuitunza peke yake.

Katika dini ya jadi ya Wakamba, Mungu, anayeitwa Mulungu au Ngai, ndiye asili ya uhai, lakini uhai huo humfikia mtu kwa kupitia watu wengine, walio hai na waliotangulia. Waliotangulia, wanaoitwa aimu, huhesabiwa kuwa sehemu ya ukoo, na afya ya aliye hai hutegemea kwa kiasi fulani jinsi anavyohusiana nao na jinsi anavyohusiana na ndugu zake. Gerhard Lindblom, mwanaethnolojia kutoka Sweden ambaye kitabu chake kuhusu Wakamba kilitolewa mwaka 1920, alieleza kwa kirefu taratibu za utakaso zilizotumia ng'ondu, yaani dawa ya kutakasia iliyonyunyiziwa watu, mifugo au nyumba pale mwiko ulipokuwa umevunjwa. Ngoma ya kilumi nayo, iliyochezwa hasa na wanawake wa makamo na wazee kwa midundo mizito ya ngoma ndefu, ilikuwa njia ya kuwatuliza pepo na kumrejesha mwenye kusumbuliwa katika hali ya utulivu mbele ya macho ya jamaa zake. Mganga, anayeitwa mundu mue, alitofautishwa kabisa na muoi, yaani mchawi, kwa kuwa yule wa kwanza alitumia ujuzi wake kwa manufaa ya watu na huyu wa pili kwa madhara yao. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1925 dhidi ya uchawi haikuushika vizuri mpaka huo, na kwa miaka mingi iliwatia hofu hata wale ambao kazi yao ilikuwa kuponya.

Jambo la kuzingatia katika taratibu hizo ni kwamba mgonjwa hakuchukuliwa kama mwili wenye hitilafu. Kabla ya dawa kutolewa, iliulizwa amegombana na nani, deni gani halijalipwa, ni nani aliyezikwa bila heshima. Shirika la Afya Duniani lilipoandika katika katiba yake ya mwaka 1946 kwamba afya inahusu mwili, akili na maisha ya kijamii kwa pamoja, lilisema jambo ambalo mzee yeyote wa Kitui wa wakati huo angelikubali bila mjadala. Hata hivyo, kukubali kwamba maradhi yana upande wa kijamii hakutoshi, kwa sababu swali la nani amesababisha ugonjwa likiulizwa vibaya huzaa shutuma, na shutuma za uchawi zimewaua wazee wengi katika Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wanawake wajane ambao kosa lao pekee lilikuwa kuishi muda mrefu.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipochapisha mwaka 1937 utafiti wake kuhusu Waazande wa kusini mwa Sudani, alitoa mfano wa ghala la nafaka ambalo lilianguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini mwake. Waazande, alieleza, walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini ghala hilo liliwaangukia watu wale na katika saa ile, na jibu la swali hilo la pili walilitafuta katika uchawi. Tangu hapo wanafalsafa wa Afrika wamebishana kama maswali hayo mawili, la namna jambo lilivyotokea na la kwa nini lilimtokea huyu na si yule, yanaweza kuishi pamoja katika akili moja bila mgongano. Mabishano hayo yamekuwa na manufaa, lakini yamefanyika zaidi katika vyumba vya mihadhara, ilhali Ukambani swali hilohilo limejibiwa angalau mara mbili kwa vifo vya watu, na kila mara lilihusu nafaka.

Mwaka 1981 watu 20 walilazwa katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni na Mbooni, wakiwa na macho ya manjano na ini lililoshindwa kufanya kazi, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 janga lilirudi kwa ukubwa zaidi: katika wilaya za mashariki mwa Kenya, huku Makueni na Kitui zikiathirika kuliko nyingine, wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 wakafariki dunia. Sababu ilikuwa aflatoksini, yaani sumukuvu, ambayo hutengenezwa na ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Wachunguzi walipowalinganisha wagonjwa na jirani zao waliobaki wazima, walikuta kwamba wagonjwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamehifadhi mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani, na kwamba mahindi yao yalikuwa na sumu nyingi zaidi. Hapa swali la kwa nini ugonjwa uliingia nyumba hii na kuiruka ile lilipata jibu lisilohitaji mchawi, na jibu hilo lilikuwa zoea: mahali pa kuwekea nafaka, siku za kuianika, turubai la kuianikia, ghala lililoinuliwa juu ya ardhi ili hewa ipite.

Jibu hilo lisigeuzwe kuwa lawama, na hapa ndipo maandiko mengi kuhusu maisha ya afya yanapokosea. Mtu aliyekula mahindi yenye ukungu mwaka 2004 hakufanya hivyo kwa uvivu wala kwa ujinga. Alikula kwa sababu ndicho chakula alichokuwa nacho, na mvua iliyonyesha wakati wa kuvuna haikumwuliza. Mafundisho yanayomwambia kila mtu kwamba afya yake ni matokeo ya uchaguzi wake yana ukweli ndani yake kwa wale wenye uwezo wa kuchagua, lakini yakipelekwa jinsi yalivyo kwa mwanamke wa Kalawa, kwenye nyanda kavu za chini ya vilima, anayeshinda akitembea kutafuta maji, yanageuka kuwa dhuluma. Kumshauri mwanamke huyo aongeze mazoezi ya mwili ni kumtukana. Anachohitaji ni maji yaliyo karibu, na watu wa Ukambani wamelijua hilo kwa muda mrefu: tangu mwaka 1978 kikundi cha Utooni, kilichoongozwa na Joshua Mukusya, kilijenga mabwawa ya mchanga, ambayo ni kuta zinazokinga mito ya msimu ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji ndani yake wakati wa kiangazi. Mabwawa kama hayo ni matibabu kwa maana kamili ya neno hilo, ingawa hayajaandikwa katika kitabu chochote cha dawa.

Vivyo hivyo kuhusu chakula. Vyakula ambavyo washauri wa lishe wa mijini huvisifu siku hizi, yaani nafaka zisizosagwa sana na jamii ya kunde, vimekuwa chakula cha kawaida cha Mbooni kwa vizazi vingi: isyo ya mahindi na maharagwe, mbaazi, kunde, ndengu, wimbi na mtama. Muthokoi, ambayo ni mahindi yaliyokobolewa kwa kutwangwa na kupikwa pamoja na kunde au maharagwe, ina faida ambayo walioibuni hawakuwa na maabara ya kuipimia, kwani utafiti umeonyesha kuwa kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumukuvu pamoja na ganda. Faida hiyo haimpi mtu ruhusa ya kula nafaka iliyoota ukungu, kwa maana sumu haiishi yote, lakini inaonyesha kwamba mazoea ya wazee yanaweza kubeba maarifa ambayo hakuna aliyeyatamka. Mafuta ya kukaangia ya bei nafuu, sukari nyingi katika chai na soda zimeingia baadaye, na si haki kusema kwamba zimeingia kwa sababu watu wameacha maadili yao. Zimeingia kwa sababu zinauzwa kila mahali, zinashibisha haraka na zinahesabiwa kuwa dalili ya kuendelea.

Mwanafikra mashuhuri kuliko wote aliyetoka Ukambani, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kufariki dunia mwaka 2019, aliweka mbele ya wasomaji wake dai linalogusa suala hili moja kwa moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akitumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuwa istilahi zake, alidai kwamba katika fikra za jadi wakati una pande mbili, yaani wakati uliopita ulio mrefu mno na wakati uliopo, huku wakati ujao ukikosekana karibu kabisa. Ushahidi wake aliutoa katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, ambazo kwa maelezo yake hazifiki mbele zaidi ya miezi kadhaa au, kwa nadra, miaka 2. Ikiwa dai hilo ni sahihi, basi mafundisho ya kinga hayana mahali pa kusimama Ukambani, kwa kuwa mtu asiye na wakati ujao hawezi kupunguza chumvi leo kwa ajili ya moyo wake wa miaka 30 ijayo, na wahudumu wa afya wangekuwa wakizungumza na watu wasio na masikio ya kuwasikia.

Dai hilo limepingwa na wanafalsafa wengi, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, kwa hoja za lugha na za mantiki. Lakini pingamizi lililo zito kuliko yote limechimbwa katika ardhi ya Mbooni yenyewe. Miteremko ya vilima hivyo imekatwa matuta ya aina inayojulikana kwa jina la fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili baada ya misimu mingi ya mvua shamba lijisawazishe lenyewe na kuwa ngazi. Katika enzi ya ukoloni kazi hiyo ililazimishwa na ikachukiwa. Baada ya uhuru watu wakaifanya wenyewe, kwa sehemu kubwa kupitia mwethya, yaani utaratibu wa jadi wa kusaidiana kazi kwa vikundi, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu wilaya ya Machakos kati ya mwaka 1930 na 1990, walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka mara kadhaa huku mmomonyoko wa udongo ukipungua. Mtu anayechimba tuta ambalo litasawazika baada ya miaka mingi, na ambalo huenda akavuna faida yake mjukuu wake, ana wakati ujao. Asichokuwa nacho ni wakati ujao ulio wake peke yake.

Kutokana na hilo yaweza kusemwa kwamba Mbiti aliona jambo la kweli na akalipa jina lisilolistahili. Wakati ujao haukukosekana, bali ulikuwa mali ya ukoo na ya kikundi kabla ya kuwa mali ya mtu mmoja, na ndiyo maana ushauri wa kiafya unaomlenga mtu mmoja, ukimwambia ajihurumie na ajitunze ili aishi muda mrefu, mara nyingi hupita bila kuacha alama. Mazoea yaliyodumu Ukambani ni yale yaliyofanywa kwa pamoja, kwa zamu, na chini ya macho ya wengine. Mzee mwenye kisukari anayetakiwa kubadili chakula chake peke yake, ndani ya nyumba ambamo wengine wote wanakula kama walivyokuwa wakila, amepewa mzigo ambao kikundi cha mwethya kisingempa mtu mmoja shambani. Nyumba nzima ikibadili sufuria, si mgonjwa peke yake, tabia inapata mahali pa kushika.

Dini zilizoingia baadaye hazikuja na fikra ngeni kabisa kuhusu jambo hili. Ukristo wa kimisionari ulikutana na kifo mapema Ukambani: Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, aliyefika Mombasa mwaka 1895 na kufungua kituo cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, alikufa kwa homa mwezi Desemba 1896. Lakini mafundisho uliyoyaleta yaliuthamini mwili: Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili wa mwamini ni hekalu na kwamba mwenye mwili si mmiliki wake. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki hukihesabu miongoni mwa maandiko matakatifu, kinamtaka mgonjwa amwombe Mungu na pia amheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeziotesha dawa ardhini. Na katika Uislamu yamepokewa mafundisho kwamba mja ataulizwa jinsi alivyoutumia mwili wake, na kwamba kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Katika mafundisho hayo yote mwili ni amana, na aliyepewa amana hana haki ya kuiacha iharibike kisha akasema kwamba mwenye mali ataitengeneza.

Lakini wapo waumini wanaofikia hitimisho tofauti, na kwa sababu wanalifikia kwa dhati inafaa wajibiwe kwa heshima. Katika sehemu za Kitui na Tharaka lipo kundi linaloitwa Kavonokya, ambalo wafuasi wake hukataa dawa na chanjo kwa kuamini kwamba kumtafuta daktari ni kumwonea Mungu shaka. Mantiki yao ina ukamilifu fulani, kwani ikiwa Mungu ndiye mponyaji, basi msaidizi yeyote anaonekana kuwa mshindani. Kosa la mantiki hiyo liko katika dhana kwamba Mungu hutenda pale tu mwanadamu anapoacha kutenda, dhana ambayo muumini huyohuyo haitumii shambani, ambako hulima, hupanda na kupalilia kisha humshukuru Mungu kwa mavuno bila kuona kwamba jembe lake lilikuwa kufuru. Anayekubali kwamba Mungu hulisha watu kwa jembe hana sababu ya kukataa kwamba huwaponya kwa sindano. Zaidi ya hayo, chanjo inayokataliwa si ya anayekataa bali ni ya mtoto, ambaye hakuulizwa. Huko Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha mbinguni, wakiwamo watoto wengi. Funga, ambayo katika dini nyingi ni zoea lenye kipimo, saa ya kuanza na saa ya kufuturu, iliondolewa kipimo chake na ikawa kifo.

Upande wa pili wa hatari ni tiba inayoahidi kumaliza kila kitu kwa mara moja. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwamo wengi kutoka Kenya, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ili kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kilichotolewa na mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, kwa bei ya shilingi 500 za Tanzania. Wengi walikuwa na ukimwi, kisukari na saratani, na baadhi yao waliacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kwamba kikombe kilikuwa kimetosha. Mvuto wa kikombe kile ulitokana na jambo ambalo hospitali haiwezi kuliahidi kwa maradhi sugu, yaani mwisho. Haifai kuwacheka walioufuata, kwa sababu kuchoka kumeza dawa kila siku ni uchovu wa kweli, na anayewahudumia wagonjwa bila kuuelewa uchovu huo atawapoteza kwa mtu wa kwanza atakayewaahidi kupumzika.

Mitishamba ya Ukambani inastahili kujadiliwa kwa utulivu zaidi kuliko inavyojadiliwa na wapenzi wake au na wapinzani wake. Magome ya mukenea hutumiwa kwa kikohozi na homa, utomvu wa kiluma, ambao ni mshubiri wa porini, hutumiwa kwa vidonda, na majani ya mwarobaini, mti ulioletwa kutoka Asia, hutumiwa kwa karibu kila kitu. Kwamba mimea hutoa dawa halina shaka: artemisinini, inayotibu malaria duniani kote, ilitokana na mmea uliotumiwa na Wachina tangu kale, na ugunduzi wake ulimpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mfano huohuo unaonyesha mpaka wa hoja, kwa kuwa kilichookoa maisha ni kiasi kinachojulikana cha kiini kilichotengwa na kupimwa, si majani yaliyochemshwa kwa kukisia, na mgonjwa anayechanganya mitishamba na vidonge vya kisukari au vya shinikizo la damu bila kumweleza daktari wake anaweza kushusha sukari kupita kiasi au kuumiza figo. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina kituo chake cha kuchunguza dawa za asili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya jadi na tiba mbadala na kutaka uwepo utaratibu wa waganga kuwaelekeza wagonjwa hospitalini.

Kilicho bora katika tiba za jadi, hata hivyo, huenda hakimo katika mizizi. Kimo katika muda ambao mganga humpa mgonjwa, katika kumwita kwa jina la ukoo wake, katika kumwuliza habari za nyumbani kabla ya kumwuliza panapouma. Jambo hili limechukuliwa kwa uzito Makueni kuliko mahali pengi. Africa Mental Health Research and Training Foundation, taasisi iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, daktari wa maradhi ya akili, iliwakutanisha katika kaunti hiyo waganga wa jadi, viongozi wa dini wanaowaombea wagonjwa na wahudumu wa zahanati, ikawafundisha waganga na waombeaji hao kuzitambua dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu na hamu ya kuishi, kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kuwaelekeza wenye dalili hizo kwenye zahanati. Hakuna aliyetakiwa kuikana imani yake. Mganga alibaki mganga na mchungaji akabaki mchungaji, ila kila mmoja alikubali kwamba kuna mahali ambapo ujuzi wake unakoma na wa mwingine unaanza, na kukubali huko, kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, ni tendo la kidini lenye thamani kubwa kuliko miujiza mingi inayotangazwa kwa vipaza sauti.

Serikali nayo ina sehemu yake katika amana hii, na Makueni imeonyesha kwamba hata kaunti isiyo tajiri inaweza kuitimiza: tangu mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, mpango wa MakueniCare uliwezesha kaya kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Mwezi Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua kazi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wanaotembelea nyumba wakiwa na vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Wahudumu hao huingia katika nyumba zilezile ambamo mganga huingia na ambamo kikundi cha maombi hukutana, na hakuna sababu ya msingi inayozuia kipimo cha shinikizo la damu kufanywa baada ya ibada, wala inayozuia mkutano wa mwethya kukagua ukavu wa mahindi kabla hayajaingia ghalani, kazi ambayo yahitaji chupa kavu na chumvi kavu tu, kwani punje zikitikiswa ndani yake na chumvi ikagandamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu.

Kwa hiyo familia za Mbooni, za Kitui na za kwingineko zina haki ya kumwuliza kila anayejitolea kumponya mgonjwa wao, awe mundu mue, mchungaji, muuza dawa za mitishamba au daktari, ni dalili gani zitakazomfanya ampeleke mgonjwa huyo kwa mwingine. Wamwulize kabla ya malipo na kabla ya maombi. Asiyeweza kulijibu swali hilo waziwazi asikabidhiwe mgonjwa.